Maji ya Spana

Nilifunua sufuria nikitegemea maharage, nikakuta spana. Zilikuwa tatu, zimelazwa ndani ya maji ya rangi ya kutu, na vipande vya ndimu vilivyokwisha kukamuliwa vinaelea juu yake. Nilikuwa jikoni kwa mama, Mikumi, begi bado liko begani, mfuniko uko mkononi. Nikajipa moyo kwamba baba analoweka zana zake ili zitoke kutu. Mafundi wana mambo yao. Ila pembeni ya sufuria kilikaa kikombe chake cha bati, kile chenye ua jekundu ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukinywea, na ndani yake, chini kabisa, yalibaki maji yaleyale.

"Mama, hii ni nini?"

"Dawa ya baba yako," alijibu kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa chumvi iko wapi. "Usiimwage, jioni anakunywa tena."

Niliurudisha mfuniko taratibu. Kuna mshtuko unaokufanya upige kelele, na kuna ule unaokutia adabu ghafla. Huu ulikuwa wa pili, na haukudumu.

Mimi ni mwalimu wa kemia kwenye shule moja ya sekondari huko Kilosa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku ile lilinitesa kuliko yote. Asubuhi mama alikuwa amenipigia simu akasema baba anatapika, anakunywa maji ndoo kwa ndoo na kiu haikatiki, na hospitali hataki hata kuisikia. Baba ana ugonjwa wa sukari, na kwa miaka mingi amekuwa akijidunga sindano za insulini. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la kwanza linalopita kijiji cha Ulaya, na njia nzima nikawa natunga maneno ya kumkaripia bila kumkaripia, maana baba hagombezwi, anaelimishwa.

Nilipoingia chumbani maneno yote yalinitoka. Alikuwa amelala ubavu, mashavu yamebonyea, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepandisha milima ya Mamboya na gunia mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Huniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Niliinama kumgusa paji la uso, na hapo pumzi yake ikanifikia. Ilikuwa na harufu tamu na kali, ambayo mwanamke yeyote anayepaka rangi kucha anaijua: ile dawa ya kufutia rangi. Sisi wa kemia tunaiita asetoni. Chupa yake ninayo maabara, nimeifungia kabatini ili wanafunzi wasiichezee, na sasa nilikuwa naisikia ikitoka kinywani mwa baba yangu mzazi. Mwili uliokosa insulini hauwezi kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu. Unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe kwa pupa, na asetoni ni moshi wa moto huo. Damu inazidi kuwa na asidi, na mtu anaweza kuondoka hivihivi huku anaongea na wewe.

"Baba, umejidunga leo?"

"Mambo ya sindano nilishaacha."

"Ana dawa nyingine," mama alimsaidia.

Nikapiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila jirani mwenye bajaji alikuja mbio bila kuitwa, akidhani mtu ameshafariki. Tukampakia. Baba aliendelea kudai kwamba kutapika ni mwili unajisafisha, na kwamba mimi tangu utoto nina papara. Ni kweli nina papara. Nilimwambia dereva wa bajaji kwamba akipunguza mwendo kwenye matuta nitashuka nisukume mwenyewe.

Hospitali tulipokelewa na daktari wa kike, mdogo kuliko mimi kwa umri. Akamtoboa baba kidole, akatazama kipimo cha sukari, kipimo kikakataa kutoa namba, kikaandika tu kwamba iko juu. Akamwita nesi, dripu ikawekwa, insulini ikaanza. Ndipo akatugeukia.

"Anatumia dawa gani nyumbani?"

Nilifumba macho.

"Vanadi," mama alisema.

"Vanadi gani, mama?"

"Ya spana."

Daktari alimtazama mama, kisha akanitazama mimi kama anayeomba tafsiri. Kwenye midomo yangu ilikuwepo sentensi iliyoanza na "mimi ni mwalimu wa kemia", nikaimeza. Nikasema tu kwamba mimi ni binti yao na kwamba mzee amekuwa akinywa maji yaliyolowekwa spana. Daktari hakucheka. Hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Aliuliza kama kulikuwa na grisi kwenye hizo spana, mama akajibu kwa kuumia kidogo kwamba alikuwa akizisugua kwa majivu kwanza, yeye si mchafu.

Ili mtu aelewe mama alifikaje hapo, lazima nieleze habari ya misumari. Mama ni mtu wa Mamboya, amekulia karibu na misheni, amesomeshwa, na haamini waganga. Lakini nilipovunja ungo na damu ikawa inanipungukia, alininunulia misumari mipya, akaichemsha, akakamulia ndimu, akaninywesha maji yake. Wanawake wengi niliosoma nao walinywa maji ya misumari. Na mimi, kwa elimu yangu yote, sijawahi kuicheka dawa ile, kwa kuwa ndimu ina asidi, asidi inakwangua chuma kidogo, na chuma ndicho kinachotakiwa kwenye damu. Kwa hiyo hesabu ya mama ilikuwa imekamilika. Msumari una chuma, unaongeza damu. Spana ina vanadi, inashusha sukari. Ukimpinga hapo utaanzia wapi?

Na vanadi kwenye familia yetu si neno geni. Baba ni fundi wa magari makubwa, gereji yake iko kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupumzika kabla ya kuingia mbugani au baada ya kutoka. Ametengeneza pia matrela ya miwa kule Ruaha tangu sijazaliwa. Watani wake husema amebeba sukari ya watu maisha yote mpaka ikaamua kuhamia kwake. Kwa mafundi wale spana ni za aina mbili. Kuna za bati, ambazo ukikaza nati zinafungua mdomo kama zinapiga mwayo, na kuna za vanadi. Za vanadi zina maandishi yaliyochongwa ubavuni, CHROME VANADIUM, na fundi mwenye seti kamili ya vanadi haazimishi mtu, hata ndugu.

Neno hilo ndilo la kwanza mimi kulisoma. Kabla sijaanza shule, baba alinikalisha juu ya tairi, akanishikisha spana namba kumi na saba na kunionyesha herufi moja moja kwa kidole chenye grisi. Va. Na. Di. Nilikuwa sijui hata a, e, i, o, u lakini vanadi nilikuwa naisoma hata kinyumenyume. Nilipokutana nalo tena kidato cha tatu, limekaa kwenye jedwali la elementi jirani na kromu, nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa nyumbani ugenini. Nadhani ndiyo maana niliichagua kemia. Baba anasema si nadhani, ni hivyo.

Jioni ile, baba alipokuwa amelala na dripu inadondoka, mama alitoa simu ya baba kwenye mkoba akanisikilizisha kilichowaponza. Ilikuwa sauti iliyotumwa kwenye kundi la mafundi. Mwanaume mwenye sauti ya upole, msomi kwa matamshi, anaeleza kwamba kuna madini yaitwayo vanadiamu, na kwamba wataalamu wamegundua yanafanya kazi ileile ya insulini mwilini, ila hospitali hazitaki mjue. Mwishoni akaahidi kuleta vidonge. Baba hakungoja vidonge. Mama alisema baba aliposikia lile neno aliinuka kwenye kiti, akaenda kwenye sanduku lake la zana, akarudi na spana mkononi huku machozi yanamlengalenga, akasema, "Kumbe dawa yangu nimeishika mkononi siku zote."

Nilitoka nje kwenye benchi la korido nikiwa nimefura. Nilikuwa na mpango mmoja: kutafuta ushahidi kwamba yule bwana mwenye sauti ya upole ni mwongo, nimsomee baba akiamka, basi. Nikafungua simu. Nikasoma. Nikasoma tena nikiwa nimesimama.

Hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililonishtua siku ile kuliko hata zile spana. Hospitali kuficha ilikuwa porojo yake, lakini kuhusu vanadi alikuwa ameshika nusu ya ukweli, na mimi mwenye digrii nusu hiyo sikuwa naijua. Kwangu vanadi ilikuwa kitu cha kutia nguvu kwenye chuma na cha kuharakisha utengenezaji wa asidi ya salfa kiwandani, swali la mtihani, alama mbili. Sasa nasoma kwamba kuna viumbe wa baharini, vifuko vya nyama vilivyojishikiza kwenye mawe na kufyonza maji siku nzima, ambavyo huchuja vanadi kutoka baharini na kuilimbikiza kwenye chembe za damu yao, nyingi kupita kiasi, na wataalamu bado wanabishana ni ya nini. Kuna mwani unaoitumia. Kuna uyoga mwekundu wenye madoa meupe, wa sumu, unaoikusanya kutoka ardhini. Kuna bakteria wa kwenye udongo ambao wakikosa madini waliyoyazoea huchukua vanadi badala yake, na kwa vanadi hiyo wanaikamata naitrojeni ya hewani na kuirutubishia ardhi. Huenda hata kwenye mashamba ya kijiji cha Tindiga, hukuhuku kwetu, wapo, chini ya mahindi, wanafanya kazi hiyo na hakuna anayewapa hongera.

Na kuhusu sukari pia ilikuwa kweli. Ndani ya maabara vanadi huigiza insulini. Iliwahi kujaribiwa hata kwa watu, baadhi yao sukari ikashuka kidogo, matumbo yakawavuruga, na madini yenyewe yana tabia ya kung'ang'ania kwenye mifupa na figo. Haikufika kuwa dawa ya kuaminika. Nilikaa pale kwenye benchi na ukweli wote huo mikononi na sikujua nimpelekeeje mtu ambaye anatafuta sababu ya kutojidunga.

Siku mbili tatu baadaye baba alikuwa anakaa kitandani na kubishana na manesi, ishara nzuri. Nikaamua kumweleza yote, bila kuficha, kwa sababu baba ukimficha kitu kimoja anakunyima imani kwenye vingine kumi. Nikaanza na wale viumbe wa baharini. Kosa.

"Unaona?" Akamgeukia mama. "Mnyama mzima anayo kwenye damu. Na Mungu ndiye aliyemwekea."

"Baba, yule hana hata mifupa."

"Lakini sukari anayo?"

Mama akacheka, akajiziba mdomo. Nilihesabu pumzi zangu. Nikamweleza kwamba kwenye spana yake vanadi ni chembe ndogo mno, imeyeyushwa pamoja na chuma tangu kiwandani, na ndimu haina ubavu wa kuitoa ikafaa kitu. Alichokuwa anakunywa ni kutu yenye ndimu. Akaniuliza, kwa utulivu wa mtu anayejua amenishika, kama basi tungepata vanadi yenyewe, halisi, nyingi, ingekuwaje. Mama naye akaacha kukunja kanga akanitazama. Nikajua swali ndilo hili, na nikilikosea atatoka hapa na kwenda kuvisubiri vile vidonge.

Kitaalamu jibu ni refu. Insulini ikibisha hodi kwenye chembe ya mwili, ujumbe hupitishwa ndani kwa kubandika vipachiko vya fosfati, na kuna kibarua wa kuvibandua ili ujumbe ukome. Vanadi ina umbo linalokaribiana na fosfati. Inamwingia yule kibarua mkononi na kumkwamisha, vipachiko vinabaki, ujumbe unaendelea, sukari inashuka. Shida ni kwamba fosfati inatumika mwilini kila mahali, kwenye misuli, kwenye figo, kwenye pampu za chumvi za kila chembe, na vanadi haichagui pa kwenda kukwamisha. Niliyatazama macho ya baba nikaona siwezi kumpa maneno hayo. Nikaomba spana. Mama alikuwa nayo kwenye mkoba. Sikumuuliza kwa nini.

"Baba, nati ya milimita kumi na saba. Umekosa spana yake. Unayo ya inchi, inayokaribiana nayo. Inaingia?"

"Inaingia."

"Inazungusha?"

"Inazungusha, ukibahatisha. Halafu inakula kona za nati. Ukija na spana yake baadaye haishiki tena. Utaikata kwa tindo."

"Vanadi ni ya inchi, baba. Insulini ndiyo namba yake."

Alichukua ile spana akaipapasa mdomo kwa kidole gumba, mbele na nyuma, kwa muda mrefu. Nilijua nimeshinda, na nilijisikia vizuri sana, nikaenda nje kununua maji nikiwa natembea kama bibi harusi. Nilipaswa kujiuliza kwa nini mtu aliyejidunga miaka yote bila malalamiko aliikimbilia spana haraka vile. Sikujiuliza.

Jibu lilikuja lenyewe mchana ule. Fundi mwenzake alikuja kumwona. Huyu ni mtu mzima, ana wajukuu. Alitoka kwenye familia ya wafugaji waliohamia Tindiga kutoka kanda ya ziwa, akaacha ng'ombe wa baba yake akaja kujifunza ufundi kwa baba yangu, na tangu hapo wanataniana bila likizo. Baba humwita mwizi wa majani, kwa sababu ya ng'ombe. Akaja na soda mbili za baridi kwa mgonjwa wa sukari. Nikamshukuru nikazificha.

"Shikamoo, mzee. Teja wetu vipi?" alisema kwa furaha, akamshika baba mkono kwa mikono miwili. "Gereji imepooza. Teja hayupo, nani atatuchekesha?"

Baba akacheka. Mama akacheka. Nilikuwa nimekaa upande wa dripu, na kutoka pale niliuona mkono wa pili wa baba, ule uliokuwa chini ya shuka. Uliikunja shuka yote kwenye ngumi.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza baba kwa nini anaitwa teja. Kwa asiyejua, kwenye barabara kuu kama ile ya kwetu teja ni yule anayejidunga madawa ya kulevya, anayelala nyuma ya vibanda na kuiba betri za malori. Hakuna jina chafu zaidi kwa mtu anayeshika gari la mtu.

"Utani tu," alisema.

"Baba."

Alimtazama mama kwanza. Kisha akaeleza huku ameangalia dirishani. Baba hula saa nne gereji, kwa mama ntilie, na daktari alikuwa amemwonya asijidunge nyumbani alfajiri halafu akakaa na njaa, kwa kuwa siku moja sukari ilishuka akaanguka. Kwa hiyo sindano ya asubuhi aliipigia gereji, nyuma ya lori lolote lililokuwepo, amechuchumaa kati ya matairi. Mafundi wakamfumania. Walijua fika ana sukari, lakini gereji haiachi kitu kama hicho kipite bure. Wakamwita Teja. Naye akaitikia, maana anayenuna gerejini huwa amejimaliza.

"Sasa akaja dereva mmoja, mgeni," alisema. "Ana semi, breki zimekufa. Nimeshalala chini ya gari lake, natoa gurudumu. Akasikia wananiita. Akauliza kwa nini. Wakamwambia, huyu mzee anajidunga nyuma ya magari. Wanacheka. Mimi nasubiri waseme ni sukari. Hawakusema. Walisahau kusema. Akaniambia toka chini ya gari langu, mzee, breki zangu sizitii mkononi mwa teja. Akanivuta mguu."

"Akakuvuta mguu?"

"Akanivuta mguu, mama. Nikatoka."

Mama alikuwa amesimama. Hakuwa akijua. Wameoana muda wote huo, analala naye kitanda kimoja, anamsugulia spana kwa majivu, na hakuwa akijua. Aliketi tena kwenye ukingo wa kitanda akaanza kulia bila sauti. Nilikuja na asetoni na fosfati na nati zangu, nimepanga kupambana na ujinga, na ujinga haukuwepo. Alikuwepo mzee aliyeburutwa mguu kutoka chini ya gari mbele ya watu aliowafundisha kazi, wakicheka.

Tangu siku ile ya breki baba alikuwa ameacha kwanza sindano ya asubuhi. Ile sauti ya upole ilipokuja kwenye simu, akaacha zote. "Spana," alisema, "hakuna anayeniuliza kwa nini nimeishika."

Nilitaka kwenda gereji siku hiyohiyo nikavunje kioo cha gari lolote. Baba alinikataza kwa jina langu kamili, jambo analolifanya mara chache. Alisema wale ni watoto wake, hawakujua, na mimi nikienda kupiga kelele ataitwa jina jingine baya zaidi. Nikatii. Niliondoka kurudi Kilosa, nikawa nafundisha mizani ya milinganyo huku nawaza mguu wa baba.

Shule zilipofungwa nilirudi Mikumi. Baba alikuwa amepona, amekonda, suruali ameifunga kwa mkanda wa zamani. Insulini yake mama anaitunza kwenye mtungi uliofukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, kwa sababu ya joto la kwetu na umeme usioaminika. Siku aliyoanza tena kazi niliomba kumsindikiza. Hakukataa wala hakukubali. Akachukua sanduku la zana, mimi nikabeba chupa ya chai isiyo na sukari.

"Teja karudi!" fundi mwenzake alipiga kelele akiwa mbali, na gereji nzima ikaitikia kwa vicheko na filimbi. Lilikuwepo trela la miwa kutoka Ruaha lililovunjika springi, na dereva wake, kijana nisiyemfahamu, amesimama kando akipiga mswaki kwa kijiti. Baba aliwasalimu wote, akavaa ovaroli, akafanya kazi. Nilikaa juu ya tairi, labda lilelile la utotoni.

Saa nne mama ntilie alileta sahani za wali na maharage. Baba alinawa mikono kwa sabuni, kwa makini, hadi viwikoni. Akaketi katikati ya gereji kwenye benchi, si nyuma ya gari. Akafungua sanduku la zana, akatoa kifuko, akatoa sindano kwenye kifuko.

Kelele zilikatika. Hata redio mtu aliipunguza. Baba alifungua vifungo vya ovaroli, akapandisha fulana, na tumbo lake jembamba lenye alama za sindano za miaka likawa wazi mbele ya kila mtu. Fulana ikamponyoka ikashuka. Akaipandisha, ikashuka tena. Nilinyanyuka nimsaidie, akaninyooshea kiganja nikae.

"We mwizi wa majani," alimwita mwenzake. "Njoo unishikie fulana."

Yule bwana alibaki amesimama na nyundo mkononi. Akaiweka chini. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaona bado ina grisi, akajifuta tena. Akaja akapiga magoti mbele ya baba na kuishika fulana kwa ncha za vidole viwili, ili asiichafue.

"Huyo mzee teja nini?" yule dereva wa trela aliuliza kwa sauti, kijiti bado kiko mdomoni.

Nilimwona fundi mwenzake akifumba macho. Hakugeuka, na hakuiachia fulana.

"Ana sukari," alisema. "Ndiye aliyenifundisha kazi. Subiri ale, ndipo ashike gari lako."

Sindano ikaingia, ikatoka. Baba akavuta sahani yake, akaanza kula.